Nani Anayekoroga Chini ya Ardhi?

Marahaba, marahaba. Kaeni, walimu vijana, na hizo simu mziweke chini. Mnasema mmekuja kuchota busara za mwalimu mstaafu. Mmekosea nyumba. Mie busara sina, nina mdomo, na mdomo huu ulifundisha jiografia hapahapa Temeke tangu enzi ambazo kipande cha chaki kilikatwa katikati ili walimu wawili wagawane.

Mmeniuliza somo gani lilinitoa jasho. Si mvua, wala si ramani. Ni lile la mabamba. Kwamba ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa, kwamba vipande hivyo vinatembea huku vimebeba mabara mgongoni, na kinachovitembeza ni joto la chini, kwenye tabaka nene la mwamba lililo kati ya ganda na kiini. Mwamba wa chini unapata moto, unapanda polepole. Ukifika juu unasambaa, unapoa, unakuwa mzito, unazama tena. Mzunguko huo unayachukua mabamba. Nimelisema kwa pumzi moja, si ndiyo? Haya, nendeni mkalifundishe kwa watoto ambao ardhi wanayoijua ni mchanga wa Temeke, uliotulia tuli tangu babu zao wazaliwe.

Na kitabu tulichopewa kilisema jambo jingine kabisa. Kilisema zamani dunia ilikuwa ya moto, ikapoa, ikanywea, ngozi yake ikafanya mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo milima. Chungwa lililosahaulika kabatini. Basi, imekwisha hiyo. Kizazi kizima kilifaulu mitihani kwa chungwa! Ukiuliza, na Bonde la Ufa je, nalo ni mkunjo? Unaambiwa usiwe mbishi. Mie chuoni niliwahi kufundishwa na mhadhiri kijana aliyetuambia chungwa limekufa, tulizike. Nikarudi Temeke pua juu, najiona nimeletewa habari peke yangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kila mtu ni Ndugu, hata anayekufukuza kazi anakwambia "Ndugu, umefukuzwa." Nilikuwa mwalimu wa majaribio. Maana yake unafundisha, lakini kazi si yako mpaka mkaguzi aje akutazame darasani na aridhike ndipo uthibitishwe. Asiporidhika, unapelekwa wilayani ukawe karani wa kupiga mihuri. Na mie nilikuwa nimemkataa mchumba kwa ajili ya kazi hiyo. Mtu wa Msasani, na Msasani hiyo ya wakati ule ilikuwa kijiji cha wavuvi, si hayo mahoteli yenu. Mwanamume mzuri tu, ila alitaka nikiolewa niache chaki. Nikamwambia chaki kwanza. Mtaa mzima ulijua. Kwa hiyo chaki nayo ingenikataa, ningeficha wapi uso wangu? Shangazi yangu alishaanza kuniuliza kila Ijumaa kama nimethibitishwa, na alikuwa anauliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

Sasa sikilizeni nilivyoanza. Nilichora. Loo, nilichora! Ubao mzima: kiini chekundu, tabaka la mwamba la rangi ya chungwa, na mishale ya kuzunguka iliyopinda vizuri mpaka mwenyewe nikasogea nyuma kuitazama. Watoto wakanakili. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio: kitu gani kinasukuma mabamba? Nusu ya darasa wakaandika: mishale. Mmoja, mtoto wa Keko, akafafanua zaidi kwamba ni mishale myekundu, na mingine hupanda na mingine hushuka.

Nikaenda kwa mkuu wa idara yetu nikiwa nimevimba, nikamwambia watoto hawa ni wajinga. Alikuwa anaitwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea, mfupi, suruali juu ya kitovu, na ulimi mkali kuliko wangu. Kumbe alikuwa amekaa dirishani siku ile nikifundisha. Akaniambia, "Wewe umefundisha ubao, na ubao umeelewa. Hao watoto uliwahi kuzungumza nao saa ngapi?"

Nilimchukia mwezi mzima. Lakini tangu siku ile sikuchora mshale kabla mtoto hajaona kitu kinachokwenda. Nyie mnacheka, na nyie mnachofanya ni kuwawashia watoto video, dunia ya rangirangi inazunguka, wanasema "waoo," kengele inalia. Waulizeni kesho yake. Watawaambia muziki wake ulikuwa mzuri.

Mwalimu Komba ndiye aliyenionyesha lami. Shule ilikuwa na shamba la mihogo kule Kibamba, ndiyo Elimu ya Kujitegemea, tunapakiwa kwenye lori na majembe yetu tunaimba. Kando ya Barabara ya Morogoro kulikuwa na pipa la lami lililoachwa na watu wa barabara, limelala ubavu, mdomo wazi. Mwalimu Komba akawaambia wavulana, "Pigeni jiwe." Wakapiga. Lami ikapasuka vipande vikali vya kukata mkono, ngumu kabisa ile. Akawauliza, "Ni kitu kigumu au cha maji?" Wote: "Kigumu!" "Haya, tazameni mdomoni mwa pipa." Lami ilikuwa imetoka ulimi mrefu, imeteremka mpaka mtaroni, imemeza majani na kiatu cha mtu.

"Nani kaimwaga?" akauliza.

Msichana mmoja, Mwanaidi, akasema, "Imejimwaga yenyewe, Mwalimu. Ila haikuwa na haraka."

Hilo mlishike, maana hata nyie wa leo mnalikosea. Mkishasema "tabaka la chini ni la moto," mtoto anadhani chini kuna bahari ya uji. Hapana. Ni mwamba, mgumu. Ungeupata ungeupiga nyundo. Lakini kwa joto lile, na uzito ule, na muda ule, unakwenda. Msifundishe moto kabla hamjafundisha muda. Mie wanafunzi wangu walijua hilo kwa sababu ya kiatu kilichomezwa na lami, na nikiwa na darasa jipya nilianzia hapo kila mwaka.

Ila lami haionyeshi mzunguko. Ilikwenda mtaroni ikaishia hapo. Nilitaka kitu kinachopanda, kisambae, kizame. Nikajaribu maji na majani ya chai: yanachemka ovyo, huoni kitu. Nikajaribu uji: ukanirukia usoni. Siku moja nyumbani napika samaki, nimeweka tui jikoni, mjomba akanipigia hodi mlangoni, nikaacha mwiko nikaenda kumfungulia. Kurudi, nikaona. Ganda la kitunguu lililoangukia katikati ya sufuria limepasuka vipande viwili, na vipande vinaachana, kimoja huku, kingine huku, vinakwenda taratibu ukingoni. Nikapiga kelele. Mjomba alidhani nimeungua.

Kama mnataka kufanya, fanyeni vizuri. Tui la kwanza, zito, si hilo jepesi mnalokamua mara ya tatu kwa ubahili. Sufuria pana. Mkaa uwe katikati ya jiko peke yake, pembeni majivu, ili moto uwe mahali pamoja. Maganda ya kitunguu makavu, yapasuliwe madogo, yawekwe yamegusana. Na upepo usipite. Halafu, na hapa ndipo mtihani ulipo, usiguse. Kaa na mikono yako.

Mkuu wa shule aliposikia nataka jiko darasani akaniita. "Ndugu Mwalimu, tunafundisha jiografia au mapishi?" Nikamwambia jiografia. "Na somo hili la mabamba linamsaidiaje mkulima?" Nikamjibu linamsaidia kujua kwamba anacholima hakijatulia. Akanikodolea macho. Akasema mkaguzi anakuja wiki ijayo, kwamba ni mtu wa kitabu, na nikifanya mambo yangu ya jikoni nisije kumlilia yeye. Kwa lugha nyingine, fundisha chungwa uthibitishwe.

Nililala na chungwa hilo siku kadhaa, sitawadanganya. Nilimwaza shangazi yangu na sauti yake. Nikamwendea Mwalimu Komba nikitegemea atanitia moyo. Thubutu! Akasema, "Fundisha unachotaka. Mihuri ya wilayani nayo inahitaji watu."

Siku ikafika. Mkaguzi akaja, mtu wa makamo, Mtanga kwa matamshi, suti ya Kaunda imenyooshwa mpaka inakata. Akakaa dawati la nyuma. Akaniambia, "Endelea, binti." Binti! Mbele ya darasa langu! Nikameza.

Nikaanza. Jiko liko mbele, tui liko juu yake, maganda yamepangwa katikati, nimewaambia haya ni mabara yakiwa pamoja, Afrika na Amerika ya Kusini zimekumbatiana. Mwanaidi nikamweka karibu na sufuria aangalie na kulisimulia darasa anachoona, maana alikuwa na macho. Mwiko ulikuwa mezani kwa sababu baadaye tui lile lingepikiwa samaki wa walimu. Hatukutupa kitu siku hizo. Nikageuka ubaoni kuandika kichwa cha somo. Kwa Kiingereza, kama sheria ya sekondari ilivyotaka.

Nikasikia kitu kinagonga sufuria. Nikageuka. Mwanaidi ameshika mwiko, anakoroga. Tena anakoroga kama alivyolelewa, mkono unazunguka, kiwiko kimetulia, anainua tui na kulirudisha. Afrika imezama. Amerika ya Kusini imeganda kwenye mwiko.

"Mwanaidi!" nikapaza sauti. "Nilikwambia nini mie?"

Akaachia mwiko. "Mwalimu, lilikuwa linaanza kukatika."

Na nyuma kule mkaguzi akacheka. Si kicheko cha ubaya, lakini darasa zima likafuata, na mie nikasimama na chaki mkononi nikiuona mhuri wa wilayani. Akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba sasa ameelewa nadharia hii mpya: mabara yanakorogwa. Watoto wakazidi kucheka. Akaongeza, "Basi mwalimu atuambie, huko chini anayekoroga nani?"

Nilikuwa na majibu tele. Ya dharau, nyie mnanijua. Lakini alikuwa amemtazama Mwanaidi si mie. Mtoto akauliza, "Naruhusiwa kujibu kwa Kiswahili, Ndugu Mkaguzi?"

Mkaguzi akanitazama. Nikasema, "Jibu." Sheria ilikuwa imeshavunjika, ingevunjika tu yote.

"Mie nimekoroga kwa sababu linakwenda," akasema. "Tui usipolikoroga linaanza safari yake. La chini likipata moto linapanda hapa katikati. La juu linakosa pa kukaa, linasogea pembeni. Huko pembeni moto hamna, linapoa, linashuka. Halafu linarudi tena. Ukiliacha hivyo mafuta yanajitenga na maji, linakatika, unapigwa na mama. Ndiyo maana tunakoroga, tunaliharibia safari."

"Na chini ya ardhi?" mkaguzi akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Chini ya ardhi hakuna wa kukoroga, Ndugu Mkaguzi. Angekuwepo, mabara yasingeachana."

Jamani. Miezi yote ile nilikuwa nikisikia watoto wakinirudishia maneno yangu, nikidhani ndiyo kufundisha. Hili halikuwa neno langu. Wala la kitabu, wala la mhadhiri wa chuo. Nilitaka kumkumbatia nikashindwa kwa sababu ya mkaguzi, nikamwambia tu kaa chini. Nililia kidogo nikisingizia moshi.

Mkaguzi akainuka. Akaja mpaka jikoni, akaomba maganda mengine, akayapanga mwenyewe kwa vidole, taratibu, suti na mambo yote. Tukangoja tui litulie. Likaanza kupanda. Na pale ndipo Utanga wake ulipomsaliti: likaanza kufanya vijivimbe, mkono wake ukatoka wenyewe ukaenda kwenye mwiko. Darasa zima likapiga yowe, "Usikoroge, Ndugu Mkaguzi!" Akaushika mkono wake kwa mkono mwingine. Jasho linamtoka. Mtu aliyelelewa pwani kuliacha tui lichemke bila mwiko ni adhabu, muulizeni yeyote. Maganda yakaanza kuachana. Hakuna aliyeyagusa. Moja likaenda mpaka ukingoni, likakaa pale.

Tui lenyewe lilikatika vibaya, walimu walikula samaki wa chumvi na maji.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, mnajua. Kuhusu chungwa, kuhusu "binti," kuhusu Kiingereza chake. Nilikuwa nimeyanoa. Akafungua mlango, akasimama, akasema, "Barua yako ya kuthibitishwa utaipata, Mwalimu." Mwalimu, safari hii. Halafu hakuingia. Akaniuliza, "Mie nimefundisha chungwa tangu nikiwa kijana, kabla ya Uhuru na baada yake. Nimefundisha hata walimu. Wale wangu, nani atawaambia?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anataka jibu, anaangalia huku na huku kwenye uwanja wetu wa mchanga kana kwamba yupo wa kumjibu. Akaingia garini akaondoka.

Barua ilikuja. Shangazi aliitangaza mtaa mzima. Nikafundisha sufuria na tui mpaka nilipostaafu, na walimu wengine wakaja kuiga, wengine kutoka mbali, na mie nikawafundisha kuweka mkaa katikati na kukaa na mikono yao.

Mwaka jana akaja kijana mmoja kama nyie, anasomea jiolojia, akanikuta nakuna nazi. Nikamsimulia. Akasikiliza kwa adabu zake zote, kisha akasema, "Bibi, shikamoo tena, lakini siku hizi wanasema kinachovuta zaidi ni pale bamba linapozama. Likishapoa na kuwa zito, linadidimia chini, na linakokota lile lililo nyuma yake. Mzunguko upo, ila nguvu kubwa iko kwenye kuzama, si pale katikati panapopanda."

Nikamjibu jeuri, kama kawaida. Nikamwambia aende akale. Alipokwenda nikakaa na ile nazi mapajani. Kwa sababu alikuwa amesema kweli, na ilikuwemo kwenye sufuria yangu siku zote. Tui lilikuwa linashuka ukingoni, kila mara, mbele ya macho yetu, na Mwanaidi alilisema wazi. Mie ndiye niliyewaambia watoto watazame katikati, palipochemka. Miaka yote ile, darasa baada ya darasa, na wale walimu walioiga, wote macho katikati.

Wengine ni babu na bibi zenu kwa umri, wengine wamekufa, wengine wanafundisha mpaka leo huko mikoani, na jiko, na mkaa katikati. Siwajui waliko. Nyie mna simu na mna miguu. Nendeni mkawaambie watazame pembeni.